Mstari wa Sita Tumeuchora, Otukei

OTUKEI EMORUT
Fundi baiskeli, Malaba
1982 – 2024

Ni mwaka mmoja sasa, Otukei, tangu uegemeze baiskeli yako kwenye ukuta wa jikoni, ukaingia ndani ukisema homa ni kitu cha kulala kidogo na kesho utaamka. Ulilala siku tisa. Baiskeli bado iko pale pale, ila kiti kimeshushwa kidogo, na aliyekishusha utamjua mbele.

Mimi Brigid, mke wako, ndiye niliyepewa kalamu. Ndugu yako Omagor alianza kuandika, akafika kwenye "ulikuwa nguzo ya familia", nikamnyang'anya karatasi. Wewe hukuwa nguzo. Nguzo hukaa mahali pamoja, na wewe nilikuwa nikikutafuta kutoka Malaba hadi Amagoro chakula kikiwa mezani kinapoa.

Unakumbuka kabla hujaleta ng'ombe kwetu nilikuambia uchague, mimi au baiskeli? Ukanijibu, "Brigid, panda tuongee njiani." Baiskeli yenyewe ilikuwa ile ndogo ya BMX, haina hata kiti cha nyuma. Nilikaa kwenye chuma cha katikati, nimeshika sketi kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, na tulipofika kwa mama yako nilikuwa nimesahau nilichokuwa nikikuuliza.

Kibanda chako kilikuwa kando ya barabara kuu, pale foleni ya malori ya kuingia Uganda inapopenda kulala. Madereva walikujua, wauza ndizi walikujua, na watoto wa shule walikujua kuliko wote, maana pancha zao uliziba kwanza na watu wazima wakangoja. Mtu akilalamika ulimwambia, "Boss, mtoto akichelewa anaandikwa jina. Wewe ukichelewa utasema ni malori."

Na salamu zako! Kila fundi mwenye grisi humpa mtu kifundo cha mkono, na hakuna anayekasirika. Wewe ulikataa. Uliweka spana chini, ukajifuta kwenye suruali (suruali niliyofua mimi), ukamshika mtu mkono wote, ukauliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, na ukasikiliza majibu. Mama yako Ajiko husema ulianza hivyo ukiwa na miaka minne. Tuliipenda tabia hiyo, na ndiyo iliyokuletea taabu kubwa ya maisha yako.

Yale machimbo ya matofali yaliyoachwa nyuma ya shamba la mama, sisi tuliona mashimo ya kuvunjia ng'ombe miguu. Wewe uliona uwanja. Ulichukua jembe ukayageuza kuwa matuta na kona, ukaita wenzako, na Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, baada ya misa, wanaume wazima wakaanza kushindana kwa baiskeli za watoto, magoti yakigonga ndevu. Wanawake tulikuja kucheka. Mwezi wa pili tulikuja na viti. Mwezi wa tatu nilijikuta nashona namba za migongoni, hakuna aliyeniomba.

Mistari ya kuanzia uliichora kwa majivu ya jiko langu, mistari sita, na kila aliyepanga baiskeli yake pale alifuata sheria moja uliyoitunga mwenyewe. Hakuna kukagua baiskeli yako. Unampa mpinzani aliye kando yako, naye anakupa yake. Yeye ndiye anayejaribu breki zako, anayevuta mnyororo, anayekaza nati za magurudumu. Akisema "iko sawa," unapanda bila kuangalia tena. Watu walikuuliza kwa nini mtu akabidhi baiskeli yake kwa anayetaka kumshinda. Ukasema, "Ya kwako unaiangalia na mapenzi. Ya mwenzako unaiangalia na macho."

Waendeshaji wa mtaa wa Burumba walipoisikia sheria hiyo walikuja kutoka Busia mjini kuiona, kilomita thelathini na kitu, wakiongozwa na Methuselah, yule fundi wa kuchomelea mageti. Tangu siku hiyo mstari wa tano ulikuwa wako na wa sita ulikuwa wake. Mlishindana miaka minne. Mlitukanana vizuri, mkala pamoja kwangu, na mwezi huu jogoo wa zawadi alibaki Malaba, mwezi ule akaenda Burumba ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye usukani wa Methuselah, akiwika njia nzima mpaka Alupe.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Agosti. Nitaieleza, Otukei, kwa sababu wewe hukuificha. Mlikuwa mmebadilishana baiskeli. Ulikuwa umechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la Methuselah, umekaza nati ya kulia, unahamia ya kushoto, na katekista Paulinus akatokea na wazee wa kanisa, kumi na wawili. Ukaweka spana chini. Ukajifuta, ukasalimia mmoja baada ya mwingine, na habari za nyumbani, na za mifugo. Omagor alipopuliza filimbi ya kujiandaa ulirudi mbio, ukampa Methuselah baiskeli yake ukamwambia, "Iko sawa."

Kwenye tuta la tatu gurudumu lilihama upande, likakwama kwenye fremu, na Methuselah akaruka juu ya usukani akaangukia bega. Ulimaliza wa kwanza, ukaitupa baiskeli yako, ukarudi kumbeba. Wote tulisema ni bahati mbaya. Mfupa wa bega ulivunjika, yeye akapelekwa hospitali, nasi tukasukumiwa jogoo, tukamla Jumatatu mchana na ugali wa wimbi.

Jumanne ukaishika ile baiskeli ya Methuselah, iliyobaki kwetu, uitengeneze. Nati ya kulia ilikuwa imekaza mpaka ukaweka mguu kwenye spana. Ya kushoto ilizunguka kwa vidole. Uliniita, ukanionyesha, na uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu, na familia imeniruhusu. Mimi nilikuambia unyamaze. Nilikuambia, "Nani ameona? Paulinus ameona? Acha hiyo kitu." Ukaniangalia ukasema, "Mimi nimeona, Brigid." Nilikasirika na wewe wiki nzima. Nilidhani unajivunjia jina bure, nikasahau kwamba jina lenyewe ulilipata kwa kutofanya nilichokuwa nikikuomba. Nisamehe.

Ulinunua jogoo mwingine, mwekundu, ukamtia kikapuni ukaendesha mpaka Burumba. Methuselah alikuwa amekaa nje ya karakana yake, mkono umefungwa shingoni. Ulimwambia yote, hata yale ya wazee kumi na wawili. Uliporudi jogoo alikuwa bado kikapuni. Nilikuuliza alisema nini, ukanirudia maneno yake kama yalivyokuwa: "Boss, jogoo si shida. Hata bega si shida, hii itapona. Shida ni mimi nilikupatia baiskeli yangu ushike, na wewe ukaniambia iko sawa. Sasa nitashikisha nani?"

Hakuja tena. Na wa Burumba wote wakabaki kwao.

Miaka mitatu, Otukei. Kila mwezi ulichota majivu jikoni, ukachora mistari sita. Washindani wakiwa watano, unachora sita. Vijana wapya walipotaka kuanzia pale ulikataa. "Hiyo iko na mwenyewe." Ulisimamia matuta, ukafundisha wasichana pamoja na wavulana, ukashinda mara nyingi, ila kila ulipopewa jogoo ulimpa mtu mwingine. Na wazee wakija kukusalimia ukiwa umeshika baiskeli ya mtu, bado uliwapa mkono wote, ila kwanza ulimaliza nati zote mbili. Watu hawakuiona tofauti. Mimi niliiona.

Siku ya saba ya homa uliniambia, "Mstari wa sita msiufute." Nilidhani ni homa inaongea.

Methuselah alikuja kukuzika. Alisimama kule karibu na ghala la mtama, kofia mkononi, na kabla ya chakula akaondoka bila kumsalimia mtu. Nilimwona. Nilitaka kumkimbilia nimwambie maneno ambayo hayaandikwi kwenye gazeti. Mama yako alinishika kanga akasema, "Mwache. Mtu hawezi kumaliza safari siku moja."

Baada ya hapo machimbo yakaota nyasi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchora majivu. Niliogopa, nakwambia kweli, kwamba kitu ulichokijenga kwa mikono kitakufa, na watu watakikumbuka kwa ile nati moja tu.

Aliyekataa ni binti yako. Amongin, sasa ana miaka kumi na sita na kichwa chako kabisa. Mwezi wa sita alishusha kiti cha baiskeli yako, akabadilisha tairi, akaanza kulima matuta upya kila Jumamosi, na wenzake wakamfuata. Aliniambia, "Mama, misa ya mwaka ikiisha tunashindana." Nikamuuliza amewaambia wa Burumba. Akasema ametuma ujumbe. Nikamuuliza wamejibu nini. Akainamia mnyororo.

Misa yako ilikuwa Jumapili iliyopita. Paulinus aliongoza sala za familia, mama akapokea wageni wa Amukura na wale wajomba wa ng'ambo, kutoka Tororo. Tulipotoka, Amongin alinipa ndoo ya majivu. Alitaka nichore mimi. Nilichora mitano, nikasimama. Bado nilikuwa na hasira na yule mtu, Otukei, na nilijua ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe, kwa lile neno "nyamaza". Nikainama nikachora wa sita. Umepinda kidogo. Utatuvumilia.

Walikuja wakati Omagor ameshaweka filimbi mdomoni. Baiskeli saba, vumbi mpaka kwenye kope, kutoka Burumba mpaka hapa wameendesha. Methuselah ndiye alikuwa wa mwisho, amenenepa, anapumua kama ng'ombe wa kulima. Hakusalimia mtu. Aliangalia chini, akauona mstari wa sita, akasimama juu yake kwa muda. Amongin alikuwa kwenye wa tano, kwenye baiskeli yako.

Methuselah akashuka. Akamsukumia baiskeli yake.

"Shika," akasema. "Niangalilie."

Binti yako alichuchumaa. Akajaribu breki, akavuta mnyororo, akakaza nati ya kulia. Na katika dakika hiyo, Mungu ana utani wake, Paulinus akafika na wazee, akanyoosha mkono amsalimie.

Amongin hakuinua kichwa. "Ngoja kidogo, mzee," akasema. "Nimeshika baiskeli ya mtu."

Paulinus akarudisha mkono wake kifuani. Mtoto akahamia upande wa kushoto, akakaza, akakaza tena, akasimama. Ndipo akajifuta kwenye sketi mpya niliyomshonea ya misa, akawasalimia wazee wote, mkono wote, na habari za nyumbani. Kisha akamgeukia Methuselah. "Iko sawa."

Yule mwanaume akapanda bila kuangalia. Nililia pale pale, na sikujificha, na mama yako alilia, na Methuselah mwenyewe alijifuta uso akasingizia vumbi.

Sasa utauliza nani alishinda. Methuselah alikuwa wa mwisho, alipitwa hata na mtoto wa jirani. Amongin aliongoza mpaka tuta la tano, halafu Cindy, mpwa wa Methuselah, akampita kwenye kona ya mwisho kwa upana wa tairi. Binti yako alinuna muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha akamfuata Cindy akampa mkono na kumuuliza ile kona anaipitaje. Wakabaki wawili wanachora kwenye vumbi kwa kijiti.

Methuselah alikula kwetu. Alikula vizuri. Alipomaliza alinijia, akasema, "Mama Amongin, nilichelewa." Nilikuwa na maneno mengi ya mwaka mzima, nikayatafuta, hayakuwepo. Nikamwambia, "Mstari ulikuwepo." Kisha nikamwambia lililonielemea, kwamba Jumanne ile mimi nilitaka unyamaze na wewe ukakataa. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Alikuja na baiskeli mpaka kwangu na jogoo," akasema, "na mimi nikamrudisha na jua lile."

Zawadi ilikuwa ya Cindy, lakini kikapu alikifunga Methuselah mwenyewe kwenye usukani wake. Jogoo mwekundu. Mama ndiye aliyemchagua, na akakataa kabisa awe wa rangi nyingine. Tulisimama barabarani tukawaangalia wakipita foleni ya malori, na jogoo akiwika. Jioni Cindy alitupigia simu kusema wamefika salama, wote wanane, akimhesabu na jogoo.

Kwa hiyo pumzika, Otukei. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao wanakuja tena, na wa kwetu wameambiwa wajiandae kwenda Burumba mwezi wa Novemba, maana Methuselah ameona mahali nyuma ya karakana yake penye udongo mzuri. Majivu yatakuwa ya jiko langu. Nimekubali.

Tunaokukumbuka: mama yako Ajiko, mkeo Brigid, binti yako Amongin, ndugu yako Omagor na nyumba yake, wajomba wa Tororo na wakwe wa Amukura, katekista Paulinus na jumuiya, watoto wa shule waliozibiwa pancha kwanza, waendeshaji wa Machimboni, Malaba, na, mwaka huu, waendeshaji wa Burumba.

Siku zote tutakukumbuka. Lala, fundi. Nati zote mbili zimekazwa.