Mabati Mapya Ukutani

Jumatano, Tabora

Mabati mapya bado yameegemezwa ukutani, na mvua imeanza.

Fundi alikuwa ameshapanda kuezua chumba cha mama mkwe, kile kinachovuja, ndipo afisa wa mipango miji akashuka kwenye bodaboda. Kijana mwenye adabu. Akamwamkia mama shikamoo, kisha akamwambia fundi ashuke. Eti mpaka wa uwanja wa ndege umesogezwa, na sisi tumo ndani. Kuishi tunaruhusiwa, kuendeleza haturuhusiwi. Kubadilisha bati ni kuendeleza.

Nikamwambia nyumba haiongezeki urefu hata kidole kimoja. Akajibu, "Dada, mimi nafuata ramani."

Mume wangu akasema, "Sawa, mkuu." Sawa, mkuu. Sijamsemesha tangu mchana.

Fundi akayarudisha yale mabati yaliyotoboka. Naogopa masika haya yatatuangushia paa lote, halafu tutaambiwa kulisimamisha tena ni...

Mama mkwe akanyoosha mkono kuelekea kaburi la baba mkwe, nyuma ya jiko, na nafasi aliyojiwekea kando yake. "Mwanangu, na kaburi nalo ni kuendeleza?"

Kijana akatazama simu. Akasema ataulizia ofisini.

Mimi nilidhani mama anamkejeli, nikafurahi kweli. Jioni nimemtandikia sebuleni, kule chumbani nimetega beseni. Kabla ya kulala ameniuliza ofisi yao inafunguliwa saa ngapi.