Macho ya Bibi wa Duarani

Jumatatu, 3 Juni
Nimepaka rangi mizimu minne ya filamu kabla ya chai. Unga wa muhogo usoni, mkaa chini ya macho, basi. Tunarudi na Bibi wa Duarani, sehemu ya nne, baada ya miaka kumi na miwili. Hapa Kahama watu bado wanaigiza kicheko chake: mama mkwe aliyefukiwa kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, akafufuka kuja kukagua mapishi ya mke wa mwanawe. Anayemwigiza Bibi ni Mama Kulwa. Bila yeye hakuna filamu. Keshokutwa tunamfuata kijijini kwake, nje ya Nyarugusu.

Jumatano, 5 Juni
Amezeeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakiachia kile kicheko. Nililia kama mjinga.

Zamani nilimpaka wekundu kuzunguka macho. Sasa macho ni mekundu yenyewe. Kuni hakuna, anapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi miaka yote. Nikamwambia Shija, mwongozaji wetu, rangi ya nini tena? Tupige picha hapa hapa uani kwake. Akakubali. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumamosi, 8 Juni
Kionjo cha filamu kimetoka. Maneno niliandika mimi: "Safari hii hakuna rangi. Macho yake mwenyewe!" Kimefika kwenye simu zote, hadi machimboni. Shija anarukaruka.

Jumanne, 11 Juni
Mama Kulwa kapiga simu. Jirani yake kafiwa na mtoto. Homa. Mama Kulwa alipoketi msibani, wanawake wakahama mkeka.

"Mwanangu, waambie mlinipaka."

Nilimwambia Shija tukiondoe kionjo. Eti tusubiri kidogo, filamu inatajwa kila kona. Nikarudi kwenye rangi zangu. Huku kwetu bibi wangapi wameitwa wachawi wakauawa kwa macho ya namna hiyo, mekundu kwa sababu ya moshi tu? Nalijua tangu utoto. Nililijua, na bado niliandika.

Alhamisi, 13 Juni
Nimejirekodi. Nikajipaka wekundu machoni, nikasema nilidanganya, ni rangi, Mama Kulwa ni mtu mwema. Watu wananijibu kwa vicheko. Wanadhani ni kionjo cha pili.

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji. Atafuatilia, anasema. Simu ya Mama Kulwa haipatikani. Kesho alfajiri naenda mwenyewe kumchukua.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechelewa. Wamemkata mapanga asubuhi, akitoka kuchota maji. Bega na mkono wa kushoto. Nyumba wameichoma. Yuko hai. Wachimbaji wawili waliokuwa wakipita walimpakia kwenye pikipiki, la sivyo.

Hospitalini Mama Kulwa hakuniuliza kitu. Heri angenitukana. Namchukia Shija. Namchukia mwenyekiti. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 17 Juni
Polisi wamechukua maelezo. Hakuna aliyeona mtu. Kijiji kizima hakikuona. Shija ameondoa kionjo, lakini kwenye simu za watu kipo.

Jumapili, 30 Juni
Anaishi kwangu sasa. Mkono hautanyooka, daktari amesema. Anakula vizuri. Filamu imekufa na hakuna anayeiulizia hapa ndani.

Leo jirani yangu, Mama Neema, alikuja kumjulia hali, Neema mgongoni. Mama Kulwa alifurahi. Aliuliza mtoto ana miezi mingapi, ananyonya vizuri, analala? Akamwombea akue. Mazungumzo yote hayo alikuwa amegeukia ukuta.