Dawati la Wawira

Siakago, Jumatano. Jua limechoma vumbi tangu asubuhi. Limekwisha kutua, lakini hasira yangu haijapoa.

Nilipohitimu chuo kikuu kule Nchiru na kuajiriwa kwa mkataba katika shule hii ya kutwa, niliomba kipindi kimoja kwa juma cha kuwafunza wanafunzi kujitetea kwa adabu. Kwanza kila mmoja hujipima: je, ninajua ninachohitaji? Ninaweza kukitamka mbele ya mkubwa? Wawira wa kidato cha pili alisema anakijua, ila sauti humkauka.

Haoni ubao vizuri. Nasi hapa huwaketisha wanafunzi kwa nafasi za mtihani: wa kwanza mbele, wa mwisho ukutani nyuma. Haoni, kwa hiyo anafeli. Anafeli, kwa hiyo anasukumwa nyuma zaidi.

Na huu tunauita utaratibu.

Tulifanya mazoezi. Juzi alimwendea naibu wa mwalimu mkuu, akaambiwa ana mdomo, aje na mzazi.

Leo mama yake alifika kutoka shambani. Nami niliitwa, kama mchochezi. Kabla hata ya kuketi, mama alianza kuomba msamaha. Ndivyo wazazi wetu wafanyavyo wakiitwa shuleni: hutubu kwanza, kosa wakaliuliza baadaye. Naibu aliridhika, akaniambia kuwa hayo ndiyo matunda ya semina zangu, watoto kuota pembe.

Nilitaka kulipuka. Nikajizuia, kwa sababu zamu haikuwa yangu.

Wawira alimtazama naibu, akasema: “Mwalimu, nikikaa nyuma sioni ubao. Naomba kukaa mbele.”

“Mbele ni pa waliopita,” naibu akajibu.

Mama alimgeukia bintiye, akamuuliza kwa Kimbeere tangu lini haoni. Tangu shule ya msingi. Hakuwa amewahi kuambiwa. Mama akaifunga leso yake upya, akamgeukia naibu.

“Mwalimu, ile pole niliyokupa nikiingia, naichukua tena. Huyu mtoto hajakosa.”

Naibu alisema atalitazama jambo hilo baada ya mtihani.

Baada ya mtihani! Yaani mtoto afaulu kwanza, ndipo aruhusiwe kuona?

Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba katika vipindi vyangu Wawira ataketi mbele. Akanikumbusha ni nani atakayependekeza mkataba wangu uongezwe au usiongezwe. Ninautaka mkataba huo kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Nilimjibu kwamba ninakumbuka.

Kisha tukaenda darasani pamoja na mama yake, mimi na Wawira tukalibeba dawati lake hadi mbele. Aliketi, akatazama nilichoandika ubaoni mchana.

“Kumbe una mwandiko mbaya hivi, mwalimu,” akasema.

Mama yake alicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa ghadhabu. Miaka yote hiyo, na dawa ilikuwa kulisogeza dawati.

Kesho nitafika kabla ya kengele. Nikilikuta limerudishwa nyuma, nitalibeba tena, naibu akinitazama.