Sungura Amepasuliwa, Kambi Nzima Tunangoja Upepo

Mama Murekatete mpendwa, wewe unayetushauri redioni, nakuomba msaada wa haraka, na kama utacheka, cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana hapa nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni mkulima wa Lushebere, lakini sasa nachimba dhahabu huku Omate, mbali na mke wangu Mukashema na watoto, na jioni nikitoka shimoni mgongo umekufa sina wa kunipokea isipokuwa sungura mmoja jike, Bibiche, niliyemnunua nimle Noeli nikashindwa, kwa sababu alishazoea kunizunguka miguuni kila nikiingia, sasa utamchinjaje mtu anayekukaribisha hivyo. Alipata mimba, watoto wakafia tumboni, akawa analala tu anatetemeka, lakini kwa bahati Daktari Adelaïde wa mifugo alikuwa amekuja kuchanja mbuzi, akamlaza juu ya meza ya duka la Mama Kanyere, mfanyabiashara wa Butembo, akamdunga sindano ya usingizi, akampasua, akatoa watoto na kizazi chote, akashona. Alituambia tumweke penye joto, asiruke, asilambe kidonda, akaniachia dawa ya maumivu, kisha pikipiki ikamchukua, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Kuhusu chakula hatukumuuliza, maana nani asiyejua? Mukashema alipopasuliwa wakati wa kujifungua, wauguzi walikataza hata uji mpaka atoe upepo kwa nyuma, ukoo mzima tukaketi tukingoja, na ulipotoka mama mkwe alipiga vigelegele. Kwa hiyo tangu jana asubuhi Bibiche hajala kitu. Wenzangu wanakuja kumwona mgonjwa kama inavyotakiwa, kila mmoja anainama na kuweka sikio tumboni kwake, na Valens, mkubwa wa shimo letu, ndiye anayesimamia, anasema, "Munyamaze! Tusikie!" Jana jioni sauti ikasikika kweli, tukashangilia, mimi nikawa tayari nimeshika majani mkononi, ndipo Valens akainua mkono.

"Mungojee kwanza. Ile ni ya mimi."

Mama Kanyere amekasirika. "Kale kasungura kako na njaa, Papa Nestor! Mukapatie majani!"

"Mama Kanyere, weye uuzishe sabuni yako," Valens akamjibu. "Akikula mbele upepo itoke, tumbo itapasuka, na weye njo utashona?"

"Nitashona kinywa yako kwanza!"

Kambi imegawanyika, mimi niko katikati. Leo asubuhi Bibiche alianza kutafuna ukingo wa mkeka wake, nami kwa woga nikauvuta nikautoa mdomoni mwake, akanitazama, Mama, nikatoka nje. Nikimpa naogopa nitamuua, nisipompa naona anakwisha. Nimepanda mlima mpaka penye rezo, simu inaposhika mtandao, ili nikuandikie. Nimpe ao nisimpe?

Papa Nestor, Omate

*

Papa Nestor, mpe chakula. Nimeweka barua yako mbele ya nyingine zote. Dada wa Mweso aliyeniandikia kuhusu mawifi zake wanne atanisamehe, mawifi watakuwapo kesho pia.

Kabla ya kuingia studio nimempigia mtaalamu wa mifugo nisije nikakudanganya. Wauguzi walikuwa na sababu zao, lakini walikuwa wanamtibu mkeo, si sungura. Tumbo la sungura linatakiwa lifanye kazi mchana na usiku. Likikaa tupu linasimama, hewa inajaa, inamuuma, naye akiumwa anakataa kula kabisa, na hapo ndipo anapokufa. Huo upepo mnaoungoja kwa hamu ndio ugonjwa wenyewe! Wanaume wazima mmekaa na masikio tumboni mwa mnyama mwenye njaa, na mwanamke aliyewaambia ukweli mkamrudisha kwenye sabuni zake. Mama Kanyere, pole. Na ule mkeka, Nestor! Mgonjwa alikuambia kwa meno yake anachotaka, ukamnyang'anya. Usirudie.

Mwekee nyasi kavu safi, maji, na majani ya viazi vitamu. Majani mabichi ya muhogo hapana, uji wa sukari hapana. Mshikie jani karibu na pua, umwache aamue. Asipochukua, saga majani na maji kidogo, tumia bomba jipya la sindano bila sindano yake, umtilie pembeni mwa mdomo tone kwa tone, na usiongeze kabla hajameza. Dawa ya maumivu mpe kama ulivyoelekezwa, usimpunguzie kwa huruma.

Wageni wabaki nje. Najua huko kumfukuza anayekuja kuona mgonjwa ni aibu, lakini sungura akizungukwa na vichwa vya wanaume hadhani anatembelewa, anadhani anawindwa. Anayempenda alete nyasi aziweke mlangoni, ajiendee. Valens, kwa kuwa anapenda kusimamia, apande pikipiki sasa hivi amtafute Daktari Adelaïde, msingoje simu ishike. Mnyama aliyekaa na njaa tangu jana lazima aonwe, hata akianza kula.

Kitu cha kungoja ni kingine kabisa: mavi. Vidonge vidogo, vya mviringo. Ukiviona chini ya mkia wake, hapo mmepata habari njema, mshangilie mpaka Walikale mjini wasikie, ila mkiwa mbali na kibanda.

Kuhusu kuchekwa, mimi nimecheka pale kwa Valens tu. Mtu anayechimba kutwa nzima mbali na watu wake, akapata kiumbe cha kufurahi akiingia mlangoni, sioni kosa lake. Kosa lako ni kwamba mpaka dakika hii bado umekaa unanisikiliza. Majani hayajikati, Papa. Zima redio, toka nje.

Mama Murekatete