Mgeni Hakanyagi Vumbi

Jumatatu, 8 Februari 1988

Maji yamekatika tena. Wodi ya akina mama tumeipiga deki kwa maji yaliyotumika kufulia shuka. Harufu ya mkojo iko pale pale, hasa kona ya dirishani. Nimemwaga dawa. Bado. Consolata, mwenzangu wa usafi, anasema pua yangu ndiyo inayoumwa.

Mchana Metroni, mkuu wetu hapa, alituita. Afisa wa afya anakuja Jumanne ya wiki ijayo. Mara ya mwisho alisema wazi kwamba akikuta harufu ile tena, anaifunga hii nyumba ya wazee. Wengine watachukuliwa na watoto wao. Dani Abigael wa kitanda cha mlangoni je? Wanawe wote wamezikwa. Kwao Katito shemeji yake amelizungushia ua shamba la bibi huyu, hata pa kuweka kitanda hapana. Akitoka hapa ni barabarani.



Jumatano, 10 Februari

Kunguni. Vitanda vyote nje, springi zikamwagiwa maji ya moto, magodoro yakaanikwa. Wazee walishinda barazani na mablanketi yao, wamenuna kama watu waliohamishwa na mafuriko ya Kano. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume aliniuliza kama nimewahi kukaa chini tangu nizaliwe. Nikamwambia ainue miguu nifagie.

Dani Abigael amenikera leo. Sisi wote hapa tunawaita hawa nyanya Dani, lakini huyu ananiita nyathina, mwanangu, kana kwamba alinizaa. Kila siku anakwenda peku mpaka zizi la ng'ombe wetu wa maziwa nyuma ya jikoni, halafu anarudi na matope kwenye sakafu yangu. Nikimgombeza ananiambia saruji haifai, ni baridi, haijui mtu. Leo nikamjibu vibaya.

Nyumbani Nyalenda. Chumba changu cha udongo, vumbi tele, nyufa mpaka chini ya kitanda. Mama ndiye aliyekuwa akishuka kutoka kwetu Maragoli kunipakia sakafu mavi ya ng'ombe. Tangu afe, haijaguswa. Kutwa nasugua ya watu, yangu inanishinda. Mfinyanzi hulia gaeni. Nililala bila kunawa miguu.

Ijumaa, 12 Februari

Metroni aliwatangazia wazee baada ya uji. Mgeni anakuja, kila mtu awe safi, kucha zikatwe.

Dani Abigael akanifuata mpaka bombani. Alitaka kujua ni mgeni mkubwa kiasi gani. Nikamwambia ni mkubwa, na asipoipenda nyumba anaifunga. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema mbele ya wenzake kwamba atakayetufungisha ni yeye na miguu yake ya zizini.

Alirudi kitandani kwake mlangoni, akakaa akiitazama sakafu.

Nina hasira na sijui ni za nani.

Jumapili, 14 Februari

Ibada barazani. Upepo wa kiangazi, vumbi linapita chini ya mlango hata tukitia matambara. Nimefagia mara nyingi mno.

Dani Abigael alimpelekea mchunga ng'ombe chapati yake ya Jumapili. Consolata alicheka, akasema Dani amepata mchumba. Mimi sikucheka. Chapati hapa ni mara moja kwa wiki, hakuna anayegawa. Kisha akafua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto.

Kesho polishi.

Jumatatu, 15 Februari

Maji yamerudi, Mungu ni mwema. Tumesugua mpaka viganja vimechubuka. Kona ya dirishani nimeipigia magoti kwa brashi ya kufulia. Harufu imepungua, naapa imepungua. Halafu polishi nyekundu, kutoka mlangoni hadi ukutani. Ukiinama unaona uso wako. Nimewaambia akina mama wasishuke vitandani bila patipati.

Metroni alipita, hakusema kitu. Kwake hiyo ni sifa.

Siwezi kutulia. Nimepanga vijiko vyangu, nimevipangua.

Jumanne, 16 Februari

Nimeandika tarehe, nikaacha kalamu, nikairudia.

Nilifika kukipambazuka. Harufu ikanipokea mlangoni, na haikuwa mkojo. Mavi mabichi ya ng'ombe. Wodi nzima imepakwa. Si kumwagwa, kupakwa: yamechanganywa na jivu, yamelainishwa kwa kiganja, upinde juu ya upinde, safi, hakuna pengo. Polishi yangu yote chini. Akina mama wamekaa vitandani wameinua miguu wasiharibu. Wengine walikuwa wamempitishia beseni. Dani Abigael alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya dirishani, anamalizia, mikono kijani hadi viwikoni. Kichwani kile kitambaa alichofua.

Nilitaka kumpiga. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Aliinua uso, amechoka, anatabasamu. "Mgeni hakanyagi vumbi, nyathina. Sasa hatafunga."

Nikageuza ndoo nikaikalia. Nikalia. Kwetu pia ni hivyo. Mgeni wa heshima akija, mama anaamka mapema kupaka nyumba. Tangu lini nimesahau?

Afisa alikuja kabla hatujainua hata tambara. Kijana wa viatu vya kung'aa. Alisimama kizingitini. Metroni akaanza kueleza kwamba bibi huyu akili zimemtoka, kwamba anaondolewa. Afisa akamwuliza Dani kwa Kijaluo kwa nini amepaka, Dani akamjibu, akamkaribisha aketi. Hakuketi. Hakucheka pia. Alisema sheria ni sheria, hii ni wodi, anarudi Ijumaa na asikute alama hata moja.

Alipoondoka Metroni alisema, "Huyu anarudi Katito kabla ya Ijumaa."

Sijui mdomo wangu uliupata wapi ujasiri. "Akienda, Metroni, sakafu utaipiga deki wewe."

Niliweka tambara chini. Consolata naye aliweka brashi chini. Metroni alitutazama. Akasonya, akaenda zake ofisini.



Jumatano, 17 Februari

Tumebandua. Yamekauka, yanatoka kwa vipande. Dani Abigael amelala kaelekea ukutani. Kila mkwaruzo wa brashi nadhani anausikia mgongoni. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwuliza kama amekunywa uji.

Metroni bado hajaamua. Gari la kwenda Katito halijaitwa. Kila mlango ukilia nageuka.

Ijumaa, 19 Februari

Afisa amekuja, ameinama, amenusa kona, ametia sahihi. Hatufungwi.

Metroni alikunywa chai amesimama, bila hata kukumbuka sukari. Nikaelewa kwamba naye alikuwa anaogopa. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kitanda cha mlangoni kipewe shuka mpya. Hiyo tu. Nikaenda nyuma ya stoo nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilimpelekea Dani shuka na habari. Akauliza kama mgeni aliipenda nyumba. Nikajifanya nakunjua shuka. Akavuta blanketi mpaka kichwani. Leo hakwenda zizini.

Jumamosi, 20 Februari

Sina raha. Tumeshinda, sina raha. Hajala tangu jana. Jioni nimeomba ruhusa ya kumtoa kesho baada ya ibada. Metroni ameniuliza nampeleka wapi. Nimemwambia kwangu, kuna kazi.

Jumapili, 21 Februari

Tulikuja polepole, yeye na fimbo, mimi na ndoo yenye tambara juu. Mchunga ng'ombe aliijaza mwenyewe. Jirani zangu walinishangaa, bibi wa usafi amebeba mavi siku ya Bwana.

Nilimfungulia mlango. Aliitazama sakafu yangu, akatazama nyufa, akanitazama mimi. Aibu ilinishika. Hakunisema. Alifunga kitambaa vizuri, akaomba jivu, akanitoa nje kwa mkono.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Namsikia ndani, kiganja kinapita, kinapita, na anaimba kidogo. Amesema nisiingie mpaka ikauke.

Nangoja.