Kitufe cha "Toa"

Garissa, Alhamisi, Desemba 1999

Joto la leo halina adabu. Feni imekufa, vumbi limeingia mpaka ndani ya kibodi, na mimi nimejaa kinyaa hadi kooni.

Kinyaa cha nafsi yangu, tuseme ukweli.

Tangu Ramadhani ianze, ukurasa wa Intaneti wa duka la Haji, tajiri wangu, unanichezea. Watu wa huku walioko ng'ambo wanaufungua, wanajaza kikapu chakula cha mama zao, halafu oda inatufikia tupu. Jina la mama lipo, chakula hakuna. Nikajua tu ni ile sehemu ya kuondoa bidhaa. Nimeisoma PHP yake, yale maagizo niliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari mpaka macho yakawasha. Naweka vitu vitatu, naondoa kimoja, vinabaki viwili. Inafanya kazi barabara! Nikaiandika upya yote, maana mtu akishachanganyikiwa huvunja hata kilicho kizima. Oda zikaja tupu vilevile. Niliichukia kazi hii hadi nikaona haya kwamba niliwahi kujisifia nayo kwetu Mwingi.

Leo asubuhi akaingia mama mmoja kutoka Habaswein, aliyekuwa juu ya lori tangu jana, na saumu yake. Binti yake Sahra, aliyeko London, alikuwa amempigia kwamba chakula chake kiko hapa dukani. Nikatazama kompyuta. Kikapu tupu. Na kumbukumbu ya kompyuta inaonyesha wazi kwamba Sahra mwenyewe ndiye aliyekiondoa kitu kimoja kimoja.

Nikamwambia hivyo hivyo. Kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Wallahi, msichana yangu hawezi kufanya hifyo," akasema. Kisha akavuta mtandio wake, akatoka. Hakugombana. Afadhali angenitukana.

Alasiri simu ikalia, Haji akanipa. Alikuwa Sahra, anawaka moto. "Mimi nimebonyeza toa! Toa unga, toa mafuta, toa tende, yote nimebonyeza. Mbona hamtoi?"

Nikaufungua ukurasa tena, nikakitazama kile kitufe cha kuondoa bidhaa.

Kitufe kile nilikiandika mimi. "Toa." Mimi nilimaanisha toa kikapuni. Lakini mwezi huu wa kutoa, mtoto anayemlisha mama yake kutoka mbali angeelewaje, ila "mpe mama"? Alibonyeza, kitu kikapotea kwenye skrini, akashukuru Mungu kwamba kimeshatoka dukani. PHP haikuwa na kosa lolote. Siku zote hizi nimeitukana bure mashine iliyofanya nilichoiambia.

Sasa nimeandika "Futa" mahali pake. Kazi ya dakika moja, na haijanipa nafuu yoyote. Yule mama yuko njiani kurudi akiamini kwamba mwanawe alimpa chakula kisha akakirudisha.

Haji hakunifokea, ingawa nilitaka anifokee. Amefunga mzigo wa yule mama, akasema utaondoka na lori la alfajiri. Nimemwomba na mimi nipande. Sitaki dereva ndiye akaeleze mambo ya kompyuta mlangoni kwa watu.

Nitamwambia mwenyewe, hata kama atanifungia mlango: Mama, Sahra alikupa kila kitu. Aliyekunyang'anya ni mimi.