Nyumba Inayokaliwa

Ekerenyo, 9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu mkubwa Nyamongo,

Habari za huko kwenye joto? Sisi huku tuko wazima, ila mama magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha, na mvua ya hapa unaijua, haiombi ruhusa. Simu yako haishiki, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi.

Nyanchoka ana mimba yangu. Nimemleta nyumbani, analala jikoni na mama, mimi nalala kwa Bosire wa bodaboda. Nataka kujenga, hata nyumba ya udongo na mabati. Mzee amekataa. "Mkubwa hajajenga, wewe unajenga kama nani? Unataka watu wafikiri Nyamongo amekufa?" Alisema hivyo mbele ya Nyanchoka.

Njoo basi. Jenga chumba kimoja tu kwenye kiwanja chako pale juu, kisha urudi kazini. Udongo nitaukanda mimi. Tafadhali, mtoto hangoji.

Mdogo wako,
Nyabuto

Pwani, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Nyabuto,

Salamu zako nimezipata, nikacheka. Hongera. Mpe mama pole ya magoti. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka. Simu ilizama kwenye pipa la maji ya saruji.

Sikia kwa nini siwezi kuja. Mji huu wa watalii una ramani ya kaunti: huku hoteli, huku nyumba za kuishi tu. Tajiri wangu alijenga vyumba vya wageni, ghorofa tatu, mahali pa nyumba za kuishi. Zege lake nilibeba mimi na wenzangu. Majirani wakashtaki, kaunti ikachora X nyekundu ukutani. Wakili akamwambia tajiri: nyumba inayokaliwa na mtu haibomolewi hovyo, tafuta mtu akae. Akaniweka mimi. Nakaa chini peke yangu, vyumba vyote vya juu ni vitupu. Maafisa wanapita bila kutoa habari, na wakikuta hakuna mtu, tingatinga linaingia. Kwa hiyo kila asubuhi nalowesha nguo safi, nazianika mbele ya nyumba zionekane.

Kortini niliapishwa. Hakimu akauliza, "Una nyumba nyingine popote?" Nikasema hapana. Sikudanganya. Nyumba ya mzee ni ya mzee, na kibanda changu cha ujana kilianguka. Wewe ungesema nini? Wakili alinipapasa mgongo kama ng'ombe aliyetoa maziwa mengi. Tulipotoka nje ndipo akaniambia, "Sasa usijenge popote. Ukijenga, umemdanganya hakimu, na jela ni yako, si ya tajiri."

Nivumilie kidogo.

Ndugu yako mkubwa,
Nyamongo

Ekerenyo, 4 Mei 2025

Nyamongo,

Natumaini wewe ni mzima. Sisi si wazima.

Barua yako niliisoma kwa sauti, mama anasikia. Ulimwambia hakimu huna nyumba! Sabato hiyo mama hakwenda kanisani. Nyanchoka naye ameondoka. Kaka yake Ogoti alimfuata kutoka kwao Ikonge. "Shemeji," akaniambia, "dada yetu azalie jikoni kama kuku?"

Tena wiki jana alikuja mtu wa suti, viatu vimejaa matope, ametumwa na majirani wa tajiri wako. Anauliza nyumba ya Nyamongo iko wapi. Mzee alimpeleka mwenyewe, kifua mbele. "Hapa pote ni pa mkubwa wangu. Bado hajajenga, lakini hakuna atakayepagusa." Yule mtu akapiga picha nyasi, akaenda zake.

Nilimwomba mzee nikujengee mimi, tuseme ni yako. Akaniuliza, "Na moto wa kwanza atauwasha nani, kama si mwenye nyumba mwenyewe?" Kaka, njoo siku moja tu. Chimba shimo la nguzo ya kwanza, urudi na basi hilo hilo. Nani atajua?

Mdogo wako,
Nyabuto

Pwani, 20 Julai 2025

Ndugu yangu,

Nisalimie wote, na Nyanchoka ukifika Ikonge. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nafunga mfuko nije. Kweli. Kesi ikaitwa kabla sijatoka.

Tumeshinda. Wakili wa majirani alitaka kuonyesha kwamba nina nyumba kwetu. Hakimu akamuuliza, "Mtu wenu alikuta nini?" Ikabidi atoe picha. Nyasi. Na maneno ya mzee yakasomwa: bado hajajenga.

Hakimu akaamua wageni wasilale humo, lakini nyumba isibomolewe maadamu mimi nakaa ndani, kwa kuwa sina pengine. Nikihama au nikijenga kwingine, iangushwe. Tajiri alinikumbatia kwa mara ya kwanza. Anasema siku moja ramani itachorwa upya, naye atafungua vyumba vyake.

"Siku gani?" nikauliza.

"Unakula, unalala, bahari iko hapo. Haraka ya nini, Mkisii?"

Kitambulisho changu amekiweka yeye, ati kisipotee.

Nyabuto, hata shimo moja litapigwa picha.

Kwa hiyo mwambie mzee asiningoje. Kiwanja changu nakupa, na nina akili zangu zote. Akikataa, mwambie mkubwa ndiye aliyeamua. Kama anaheshimu mkubwa, aheshimu na neno lake. Jenga pale juu ambapo maji hayatuami, umfuate Nyanchoka.

Siku utakayochimba, usiniambie. Niandikie mtoto akishalala ndani.

Ndugu yako,
Nyamongo